Tuwape waigizaji wetu kuta nene

Ndugu mwandishi, asante kwa habari hii ya studio za Roath Lock za BBC kule Cardiff, Wales. Gati zilizokuwa zikipakia makaa ya mawe kwenda dunia nzima, tangu 2011 zinarekodiwa tamthilia. Kilichonigusa zaidi ni kwamba humo ndani inatengenezwa Pobol y Cwm, tamthilia ya Kiwelisi iliyoanza 1974. Lugha ya watu wachache kuliko wakazi wa Dar es Salaam ina nyumba yake!

Mimi nashika maiki kwenye tamthilia zetu. Mwezi uliopita tulikodi nyumba Tabata kurekodi msiba. Mama wa marehemu anaanza kulia, bodaboda inapiga honi. Tunarudia, lori la kokoto linapita. Mara ya saba dada yule machozi yamekwisha, anabaki kutikisa mabega tu. Jioni mwenye nyumba anataka sebule yake, tunabomoa kila kitu, na kesho yake tunapanga upya vikombe na mapazia kwa kukumbuka picha za simu. Wenzetu wa Roath Lock, wodi ya hospitali ya Casualty, tamthilia nyingine inayorekodiwa humo, imejengwa, inabaki pale pale.

Wakubwa wetu, mnapopanga upya maeneo ya Kurasini, karibu na bandari yetu ya Dar es Salaam, tutengeeni hata ghala moja. Paa la juu, kuta za kuzuia sauti, umeme wa uhakika, mlango wa kupitisha Fuso. Kodi tutalipa, kwani hata sasa tunawalipa wenye nyumba.