Kozi ina mwisho, na hiyo ndiyo sifa yake

Mwalimu anayetaka kuuza ujuzi wake mtandaoni siku hizi hupewa ushauri ule ule kila anapogeuka: achana na kozi, fungua uanachama wa kulipia. Hoja yenyewe ni tamu. Kozi ukiiuza leo umemalizana na mteja, na tarehe mosi ya mwezi ujao unaanza tena na sifuri. Mwanachama hulipa mwezi huu, hulipa na ujao, nawe umelala. Wanaoieleza hoja hii hupenda kuifananisha ada na kodi ya nyumba. Nadhani mfano huo ndio uliowapoteza wengi, kwa sababu mwenye nyumba hawapikii wapangaji wake kila siku. Mwenye uanachama hupika.

Sina ugomvi na uanachama. Una mahali pake, na nitapafikia. Ila kozi imesemwa vibaya mpaka watu wanaiacha kabla hata ya kukaa chini na kalamu. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo tulifungue daftari kwanza.

Tuseme kila mwezi unapata wanachama wapya 40, na kila mwezi mmoja kati ya kila kumi uliokuwa nao anajitoa. Miezi ya mwanzo huoni tatizo lolote, maana ukiwa na watu 40 wanaoondoka ni wanne tu. Mwaka ukiisha una wanachama 287, na hapo ndipo watu huandika kwa furaha kwamba njia wameipata. Mwaka wa pili, kwa jasho lile lile, unafika 368. Mwaka wa tatu, 391. Zitazame tena kwa nyongeza zake: 287, kisha 81, kisha 23. Hujazembea, hujaharibu chochote, matangazo ni yale yale na wanaojiunga ni wale wale 40. Kilichobadilika ni kwamba kundi limekuwa kubwa, na moja ya kumi ya kundi kubwa ni watu wengi. Na 400 hutaifikia kamwe, kwa sababu ukifika hapo wanaotoka ni 40 na wanaoingia ni 40. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Pakacha hili likivuja, mchukuzi ndiye anayerudi sokoni kulijaza.

Sasa iweke kozi kando ya hapo. Kundi linalopoteza moja ya kumi kila mwezi, mtu wake hukaa wastani wa miezi kumi, kwa hiyo bei ya haki ya kulinganisha nayo ni kozi inayouzwa kwa kiasi cha ada za miezi kumi. Ukiwauzia watu 40 kwa bei hiyo, mwezi wa kwanza unapata ada 400. Pale ambapo uanachama utasogelea kwa miaka mitatu bila kufika, kozi imeanzia hapo. Na waliolipa hawakudai somo jipya kila wiki kwa miezi kumi.

Mtetezi wa uanachama atanikatiza hapa, na ana haki. Atasema: hao 40 hawatalipa ada kumi kwa mkupuo. Kweli, hawatalipa wote. Anayesita kutoa fedha nyingi mara moja hatoi kabisa, na ada ndogo ya mwezi humvusha. Basi tuikate idadi nusu, wanunue 20. Kozi inaleta ada 200 kila mwezi, na uanachama unaipita mwezi wa saba. Ukijumlisha yote yaliyoingia tangu siku ya kwanza, uanachama unaongoza kuanzia mwezi wa 14. Hesabu hiyo siikwepi. Namwomba tu mtu ajiulize atakuwa amefanya kazi kiasi gani kufikia huo mwezi wa 14, na kama akiba yake itamfikisha huko. Wengi hufunga kabla.

Atakatiza tena: moja ya kumi ni uvujaji mkubwa mno, uanachama unaoendeshwa vizuri hupoteza watu watano kwa mia. Sawa. Kwa kasi hiyo mtu hukaa wastani wa miezi 20, na kikomo kinapanda hadi 800. Ni maisha tofauti kabisa, na anayeweza kukaa hapo asinisikilize mimi. Lakini hata hapo, watu 100 walioingia pamoja Januari, Januari inayofuata wamebaki 54. Na si wote waliotoka waliamua kutoka. Kadi huisha muda, benki hukataa malipo, akaunti hukosa salio siku ile ya kukatwa, na mtu aliyekuwa ameridhika kabisa anajikuta nje. Kumrudisha kunahitaji kumwandikia, kumkumbusha, kumbembeleza. Hii nayo ni kazi, na haimo kwenye ule mfano wa kodi ya nyumba. (Ni kweli kwamba kasi haikai palepale. Wageni hutoka kwa wingi miezi miwili mitatu ya mwanzo, wazoefu hung'ang'ania. Mchoro unapinda kidogo, lakini pakacha ni lile lile.)

Daftari tulifunge hapo. Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi ya fedha.

Anayeuza kozi ananufaika mwanafunzi akielewa upesi. Akimaliza, akaweza, atawaambia wenzake. Hakuna senti mwalimu anayopoteza kwa mwanafunzi kufuzu ndani ya wiki tatu badala ya miezi minane. Anayeuza uanachama, mwanafunzi akifuzu upesi, amepoteza ada. Simaanishi kwamba walimu hao ni wadanganyifu. Namaanisha kwamba kila wanapopanga masomo, upepo unavuma upande mmoja: gawa somo hili mara nne, hili liache la mwezi ujao, ongeza mfululizo mwingine. Niliwahi kulipia uanachama wa kujifunza kuhariri picha. Nilichotaka hasa kilikuwa masomo sita hivi, na nilikuja kugundua yalikuwa yametawanywa katikati ya video zaidi ya mia mbili, kila moja nzuri, kila moja ikinipeleka kwa nyingine. Nililipa karibu mwaka mzima. Miezi mingi sikuingia hata mara moja.

Hilo la kulipa bila kuingia lina ushahidi. Wanauchumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha mwaka 2006 utafiti wa wanachama 7,752 wa jimu tatu za Marekani. Waliochagua ada ya mwezi ya zaidi ya dola 70 walifika wastani wa mara 4.3 kwa mwezi, yaani kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali kwa tiketi ya mara kumi wangelipa dola 10 kwa ziara. Walilipia picha ya mtu waliyetarajia kuwa. Mwenye jimu huipenda hesabu hiyo, maana asiyekuja hachakazi mashine. Uanachama wa mafunzo unafaidika na usingizi ule ule, kwa tofauti moja ndogo: anayelala jimu analala kimya, ila anayelala kwenye uanachama wako siku moja huamka, hutazama taarifa ya benki, na hasira yake yote humwangukia mwalimu mwenye jina na sura.

Kozi nayo ina aibu yake, na aibu hiyo haifichiki: watu hawaimalizi. Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa kozi ambazo vyuo vikuu vya MIT na Harvard vya Marekani hutoa kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Katika mwaka wa masomo wa 2017–18, waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 ya washiriki wote. Takwimu hiyo hunukuliwa mno na wanaouza uanachama, na wengi huishia hapo. Uchambuzi ule ule una nambari ya pili. Miongoni mwa waliolipia njia ya kupata cheti, waliomaliza walikuwa asilimia 46. Sitasema kwamba kulipa ndiko kulikowamalizisha, kwa sababu anayetoa fedha mara nyingi alikuja na nia tangu mlangoni. Lakini 46 na 3 si watu wa aina moja, na mwalimu anayeuza kozi anawauzia wale wa kwanza. Kumpima kwa wale wa pili si haki.

Halafu jiulize kiwango cha kumaliza uanachama ni asilimia ngapi. Swali halina jibu, kwa sababu hakuna cha kumaliza. Kozi hupigwa mawe kwa sababu ina mstari wa mwisho ambapo unaweza kuwahesabu waliofika. Uanachama hauna mstari, basi hauna walioshindwa.

Wapi basi uanachama unastahili? Pale ambapo shida ya mwanafunzi haina mwisho. Anayejifunza kuzungumza lugha anahitaji watu wa kuzungumza nao wiki hii na wiki ijayo, na hakuna video itakayokaa badala yao. Mwandishi anahitaji jicho la pili juu ya kila rasimu. Anayefuata sheria za kodi, au matangazo ya mtandaoni ambako mitambo hubadilishwa kila baada ya miezi michache, akinunua kozi leo amenunua kitu kitakachochacha. Hapo ada ya mwezi ni bei ya kitu halisi kinachotolewa kila mwezi, na mwalimu anayejaribu kukifunga ndani ya kozi atajikuta anarekodi upya bila malipo. Zaidi ya hayo kuna watu wenyewe. Uanachama mzuri baada ya mwaka hauna tena mwalimu mmoja. Wanachama wanajibizana, wanasahihishana, na mwenye mlango anaweza hata kuugua wiki mbili bila kitu kuvunjika. Nimeona kundi la namna hiyo, na nakiri nililionea wivu.

Ninachokataa ni mifano mikubwa inayotolewa kuwashawishi wadogo. Hutajwa lynda.com, tovuti ya mafunzo iliyoanzishwa mwaka 1995, ikaingia kwenye ada ya mwezi ya dola 25 mwaka 2002, na ikanunuliwa na LinkedIn mwaka 2015 kwa dola bilioni 1.5. Ni kisa cha kweli. Lakini ile ilikuwa maktaba ya maelfu ya kozi kutoka kwa walimu wengi, na mtu alilipa ada kwa sababu akimaliza moja kulikuwa na nyingine ya somo tofauti kabisa. Nyuma yake palikuwa na studio na wafanyakazi. Wewe una meza, kipaza sauti na jioni mbili kwa wiki. Ukitaka kuona ada ya mwezi inavyomtendea mwalimu mmoja ndani ya maktaba kubwa, itazame Udemy, soko la kozi za mtandaoni lililoanza mwaka 2010 kwa kuuza kozi mojamoja. Ilipopanua huduma yake ya usajili, fungu la mapato ya usajili linalokwenda kwa walimu lilishushwa kutoka asilimia 25 hadi 20 mwaka 2024, kisha 17.5 mwaka 2025. Ada ya mwezi ilimfaa mwenye maktaba.

Wapo wanaosema fanya vyote viwili: kozi mlangoni, uanachama ndani. Kwa karatasi inapendeza. Kwa mtu mmoja, mara nyingi ni kazi mbili zinazoibiana muda, na inayoibiwa ni ile kozi, kwa sababu wanachama wana sauti na kozi haina. Kama ni lazima, ianze kozi, iuzike mpaka uwajue wanunuzi wake kwa majina, kisha uwaulize wahitimu, na wahitimu tu, kama bado wana jambo la kurudia.

Kabla ya hapo kuna jaribio la jioni moja. Chukua karatasi, andika miezi kumi na miwili kwa mstari, na mbele ya kila mwezi andika kitu ambacho mwanachama atakipata mwezi huo, kisichoweza kutolewa mwezi uliotangulia. Usiandike neno "zaidi". Ukifika wa kumi na mbili kalamu bado inakwenda, fungua uanachama wako. Ikiwa kufikia mwezi wa nne umeanza kuandika "maswali na majibu", na wa tano "mgeni maalumu", ulicho nacho mkononi ni kozi ya miezi mitatu. Iwekee bei yake kamili.