Wachezaji tisa, mabeki katikati ya uwanja: Postecoglou alikuwa na msimamo au ukaidi?

Tarehe 6 Novemba 2023 Tottenham ilikuwa nyumbani dhidi ya Chelsea. Ilikuwa imecheza mechi kumi za ligi bila kupoteza hata moja, na mfukoni ilikuwa na pointi 26. Dakika ya 33 Cristian Romero akalambishwa kadi nyekundu. Dakika ya 55 Destiny Udogie naye akatoka kwa kadi ya pili ya manjano. Wakabaki tisa, matokeo yakiwa 1-1. Makocha wengi hapo wangewarudisha wote ndani ya boksi na kumwomba Mungu. Kocha wa Tottenham, Ange Postecoglou, aliwaacha mabeki wake wasimame karibu na mstari wa kati, na kipa Guglielmo Vicario akawa ndiye anayetoka mbio kusafisha kila mpira uliopenya nyuma yao. Chelsea ilihangaika hadi dakika ya 75 kupata la pili. Spurs, jina jingine la Tottenham, hata wakatia mpira wavuni, bao likakataliwa kwa kuotea. Kisha dakika za nyongeza Nicolas Jackson akafunga mawili zaidi, ikawa 4-1.

Alipoulizwa, kocha alijibu kuwa hivyo ndivyo walivyo, na kwamba hata wakibaki watano watajaribu kwenda mbele.

Mashabiki wa Spurs hapa Mombasa hawajazi matatu moja, lakini mechi ile kila kibanda cha mpira kuanzia Majengo hadi Kisauni kina maoni nayo, na wa Arsenal ndio wenye maoni marefu zaidi. Kwao yule ni mkaidi tu. Mimi nadhani kesi yake ina pande mbili zenye uzito, ila hoja inayosikika sana vibandani ndiyo dhaifu.

Tuanze na utetezi wake. Timu kubwa imezoea wapinzani kuirudia nyuma. Inakaa na mpira, inapandisha mabeki wake hadi nusu ya mwenzake, inasubiri mlango ufunguke. Ukiikabia juu, yaani ukiibana karibu na lango lake, unaikuta pale isipozoea kukutwa. Tarehe 23 Novemba 2024 Spurs walikwenda kwa Manchester City, timu iliyokuwa haijafungwa nyumbani katika mechi 52, wakaichapa 4-0. Na siku hiyo Romero na Micky van de Ven, mabeki wa kati wa kutegemewa, hawakuwepo. Walisimama Radu Dragusin na Ben Davies. City ilikuwa imeyumba wiki hizo, sawa, lakini wengi walioikuta ikiyumba bado walikwenda kwake kujificha.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa kupaki basi hawapendi kuliangalia. Timu dhaifu inayojilinda dakika 90 mbele ya kigogo hupoteza pia, mara nyingi sana. Inapoteza 2-0 polepole, na sote tunasema vijana wamejitahidi. Inayoshambulia ikifungwa 6-3 tunaiita wendawazimu. Pointi zilizopotea ni tatu pale na tatu hapa. Basi sehemu ya hasira dhidi ya Postecoglou ni hasira ya mtu aliyeona aibu, wala haitokani na hesabu.

Sasa upande wa pili, ambao una uzito wake. Wiki mbili kabla ya ile 4-0, mfumo ule ule ulifungwa 2-1 nyumbani na Ipswich, timu iliyokuwa haijashinda hata mechi moja ya ligi msimu ule. Na mwezi Oktoba, kwa Brighton, Spurs waliongoza 2-0 hadi mapumziko. Kipindi cha pili kilipoanza waliendelea kucheza kana kwamba bado ni 0-0: mabeki wa pembeni wamepanda, viungo wameachana, kila mpira uliopotea unawakuta mabeki wawili wakikimbia kuelekea lango lao wenyewe. Mabao matatu kabla ya dakika ya 70. Wakapoteza 3-2. Desemba ikajirudia mbele ya Chelsea: 2-0 dakika ya 11, mwisho 4-3 kwa wageni, huku viungo wa Spurs wakitoa penalti mbili za kujitakia. Wiki mbili baadaye Liverpool wakaja kufunga sita.

Barazani Mji wa Kale, kwenye kahawa na kashata, mzee mmoja aliyewahi kuwa beki enzi zake alilimaliza jambo hili kwa lugha ya pwani: nahodha hapandishi tanga lile lile kusi na kaskazi. Kijana aliyekuwa kando yake akamjibu, "Sawa ami, lakini habadilishi chombo katikati ya bahari." Mzee akacheka, akasema tanga si chombo.

Nimekaa na jibu hilo, kwa sababu linagusa pale hasa. Chombo ni falsafa: kushambulia, kukabia juu, kutoogopa. Tanga ni mambo madogo: beki wa pembeni abaki nyuma dakika kumi, kiungo mmoja asivuke mstari wa kati, mpira upigwe nje na watu wapumue. Hakuna anayeweza kudai kuwa kufanya hayo ni kuisaliti imani yako. Guardiola mwenyewe, kocha wa City siku ile ya 4-0, huwapunguza kasi wachezaji wake timu ikiongoza.

Wapo wanaosema majeruhi ndio waliomwangusha. Ni kweli kwa sehemu. Kwenye ile mechi ya Liverpool golini alikuwa Fraser Forster, kwa sababu Vicario alivunjika kifundo cha mguu siku ya City, na beki wa kati alikuwa Archie Gray, kiungo wa miaka 18. Lakini hoja hii inamgeukia. Safu ya ulinzi inayosimama juu inahitaji mtu mwenye mbio za Van de Ven nyuma yake. Kama huna, unaishusha mita kumi. Yeye hakuishusha. Kumtetea kwa majeruhi ni kukiri kwamba hakutazama nani yuko uwanjani.

Msimu uliisha Spurs wakiwa wa 17, wamepoteza mechi 22 kati ya 38. Walifunga mabao 64, wakafungwa 65. Timu yenye mabao 64 kukaa nafasi moja juu ya mstari wa kushuka daraja ni kioja.

Halafu ikaja Bilbao, 21 Mei 2025, fainali ya Ligi ya Europa dhidi ya Manchester United. Brennan Johnson alifunga kabla ya mapumziko, na yule mtu wa "hata tukibaki watano" akafunga duka. Spurs walikuwa na mpira kwa chini ya asilimia 30 ya mechi. Van de Ven aliruka akaokoa mpira mstarini. Ilipobaki kama dakika kumi na mbili, Postecoglou alimtoa Johnson, mfungaji, akamwingiza Kevin Danso, beki. Mabeki watano, mipira ya juu, kupoteza muda kwa adabu. 1-0, na kombe la kwanza tangu 2008. Siku 16 baadaye akafutwa kazi.

Wengi waliichukua fainali ile kama ushahidi kuwa hakuwa mkaidi. Kwangu ndiyo inayomhukumu vikali zaidi. Kama alijua kufanya vile, na wachezaji waliweza kufanya vile, kwa nini kwa Brighton hawakufanya? Asiyejua unamsamehe. Huyu alijua, akachagua lini ajue.

Sisi tumeliona jambo hili karibu zaidi. Agosti 2025, Kasarani, michuano ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani: Harambee Stars dhidi ya Morocco. Ryan Ogam alifunga dakika ya 42, na kabla ya mapumziko Chrispine Erambo akatolewa kwa kadi nyekundu. Kipindi kizima cha pili Kenya ilicheza na watu kumi, kocha Benni McCarthy akawashusha vijana chini, na 1-0 ikasimama. Hao Morocco ndio waliolibeba kombe mwishoni. Hakuna aliyesema McCarthy hana falsafa. Ila tusijidanganye pia: siku ile mpira mmoja ungegonga mguu wa beki ukaingia, tungemlaumu kwa kurudi nyuma mno.

Hilo ndilo lililompata mrithi wa Postecoglou. Thomas Frank, anayesifika kwa kubadilika kulingana na mpinzani, alipanga mabeki watano dhidi ya PSG, mabingwa wa Ulaya, kwenye Super Cup ya UEFA mwezi huo huo wa Agosti. Hadi dakika ya 85 Spurs waliongoza 2-0. Ikawa 2-2, wakapoteza kwa penalti. Kumbe hata kubadilika hakukupi hati ya kushinda.

Kwa hiyo sina ugomvi na Postecoglou kwenda kwa City akiwa na kifua mbele. Hapo alikuwa sahihi, na wengi wanaomcheka wasingethubutu. Ugomvi wangu ni ule muda timu inapoongoza 2-0 na miguu imechoka. Na Nottingham Forest iliongeza kosa jingine kwenye faili lake. Alipewa timu mnamo Septemba 2025, kikosi kilichomaliza nafasi ya saba msimu uliotangulia kwa kukaa chini na kushambulia kwa kushtukiza. Akaitaka ipande juu mara moja. Mechi nane, hakuna ushindi hata mmoja, na baada ya siku 39 kibarua kikaota nyasi. Pale vigogo hawakuwa kisingizio cha kutosha. Wachezaji walikuwa wanajua kazi yao kabla hajafika.