Ukuta ukauke kwanza, povu baadaye

Kwa kuhami joto chumba cha chini ya ardhi, napenda povu la kupulizia kuliko kitu kingine chochote. Linatoka majimaji kwenye bunduki ya fundi, na kufumba na kufumbua limeumuka na kujipenyeza hata kwenye nyufa ambazo magodoro ya nyuzi za kioo hayazifikii. Pale juu, ukuta wa zege unapokutana na mbao za sakafu, baridi huingia kwa fujo, na hapo ndipo utaiona kazi ya povu.

Kinachoniuma ni haraka ya watu. Ukuta unatoa jasho, fundi anaitwa, anapuliza, kesho yake kila mtu anasifia ukavu. Maji bado yapo, sema hayaonekani. Povu lipo la aina mbili: gumu likifika unene wa sentimita 5 hivi huzuia mvuke karibu wote, na maji yanabaki nyuma yake. Lile laini hunywa maji kama sponji, na chini ya ardhi mimi silitaki kabisa. Kwangu niliwahi kukata kipande kwa kisu: mbele povu safi, rangi ya maziwa, nyuma yake ubao mweusi, ukucha wangu ukazama kama kwenye mkate uliolowa. Chanzo kilikuwa gata lililomwaga maji ya mvua msingini. Gata tu!

Kwa hiyo, kabla ya kumwita fundi, kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, unyevu unatoka kwenye zege lenyewe. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa ya humo ndani inayopoa ukutani, na tatizo hilo povu linalimudu. Ukiona unga mweupe kama chumvi kwenye zege, ujue maji yamekuwa yakipita hapo.

Kuna na suala la mapafu. Povu hili ni kemikali mbili zinazokutana kwenye bunduki, na moja, isosaianeti, inaweza kumwachia mtu pumu. Wakati wa kupuliza, familia nzima itoke, wanyama pia; watengenezaji wengi hutaka angalau saa 24 kabla ya kurudi. Fundi asipulize tabaka nene kwa mkupuo, maana povu hujitia joto lenyewe na linaweza kuungua kwa ndani. Wiki kadhaa zikipita bado unasikia harufu kama ya samaki, mchanganyiko ulikosewa: likatwe litolewe, lisifunikwe. Lililo zima ndilo la kufunikwa kwa bodi za jipsamu, kwa sababu povu tupu moto hulila upesi.

Mimi sasa nasubiri mvua kubwa inyeshe ikatike, nashuka na tochi, napapasa ukuta kwa kiganja kona hadi kona. Kiganja kikitoka kikavu, nampigia fundi simu.