Pini za kilti zinazodondoka

Jamani, kwa nini pini ya kilti, ile sketi ya sufu ya wanaume wa Kiskoti, mara nyingi inauzwa bila kifungo cha maana? Ukiigeuza nyuma unakuta kindoano tu, sindano imeegeshwa humo. Halafu pini yenyewe mara nyingi ni kijiupanga cha chuma kizito, na mahali pake ni chini, pembe ya kulia ya pande la juu (kilti ina mapande mawili yanayopishana mbele), panapogongwa na magoti, viti na milango ya gari. Usiku wa Burns, sherehe ya kumkumbuka mshairi wa Kiskoti Robert Burns, tarehe 25 Januari, Waskoti wakishaanza kucheza, wangapi hurudi nyumbani na matundu tu kwenye kitambaa? Na nyingine ni urithi wa babu!

Kinachoniudhi zaidi ni ushauri wa "ibane mpaka pande la ndani". Hapana! Pini hupita pande la juu peke yake. Ukiyabana mapande yote mawili, siku utakayochuchumaa sufu itachanika, na kilti nzuri ni ghali mno. Watengenezaji waweke kifungo cha kuzungusha kinachofunika ncha, kama kwenye bizimu za akina mama. Kwa sasa, chomeka kimpira cha hereni kwenye ncha ya sindano, au izungushie uzi wa rangi ya kitambaa.