Mama mdogo, hiyo ya kidonda ibaki ya kidonda

Juma lililopita mama mdogo alinisikilizisha sauti iliyokuwa ikizunguka WhatsApp: mtambo wa nyuklia ukilipuka popote duniani, kila mtu anywe iodini ya kusafishia vidonda. Alikuwa ameshanunua chupa soko la Nyawera, hata kizibo ameshakifungua. Nilimwomba kwa heshima zote asiinywe. Dawa ile inaunguza koo na tumbo, na tezi ya shingoni haiikingi.

Kinachoikinga ni kidonge cha iodidi ya potasiamu. Tezi huvuta iodini ili itengeneze homoni, lakini haijui kubagua iodini safi na ile yenye mionzi. Ikishibishwa safi mapema, ile ya sumu inakosa pa kukaa. Mtu mzima humeza miligramu 130, mtoto wa miaka 3 hadi 12 nusu yake, muda mfupi kabla ya wingu la mionzi kufika au saa chache za mwanzo, na ni pale tu wakubwa wa afya wanapotangaza. Watoto na wajawazito ndio wa kwanza. Mionzi ya aina nyingine kidonge hicho hakiizuii kabisa.

Mwaka 1986, baada ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl kulipuka, watoto walikunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yenye sumu hiyo, na maelfu wakapata kansa ya tezi miaka iliyofuata. Poland iliwahi kuwapa watoto wake iodini, zaidi ya milioni 10. Na kule ambako chakula kilikuwa na upungufu wa iodini, hatari ilizidi, kwa sababu tezi yenye njaa hunyonya zaidi.

Neno hilo la njaa linanirudisha Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu. Nyanya yangu alikuwa na rovu, uvimbe wa tezi ya shingoni, sawa na wengi wa kisiwa kile. Alifunga kitambaa shingoni hata jua likiwaka. Udongo una iodini kidogo, na muhogo usiolowekwa vizuri unazidisha ubaya. Kwetu Bukavu, basi, mimi nasema tuanze na chumvi yenye iodini kila siku. Haiwezi kushika nafasi ya kidonge siku ya hatari, ungekula kilo kwa kilo ukaugua bure, lakini inaiondolea tezi njaa. Chumvi inayouzwa wazi soko la Kadutu, ikipigwa na jua na mvua, inapoteza iodini yake.

Mama mdogo alinunua pakiti iliyofungwa, akaimimina katika kopo la maziwa lenye mfuniko, akaliweka mbali na makaa. Sombe, majani ya muhogo, sasa anaitia chumvi anapoiepua, ili moto usiile iodini.