Division III na ndoto ya kidato cha tano

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka hapa Tanzania, wazazi wengi huuliza division, yaani daraja la ufaulu, kisha huanza kuhesabu kama mtoto "ataenda Advance", kidato cha tano na sita. Ukisema anafikiria chuo cha kati, kile cha cheti na diploma, utasikia kimya kidogo, halafu shangazi mmoja atajitokeza na huruma yake: "Haya, afadhali kuliko kukaa nyumbani." Hiyo huruma ndiyo inayonikera.

Tumchukue binti wa Division III mwenye C tatu, za Fizikia, Kemia na Baiolojia, na D kwingineko. Masharti ya kidato cha tano ameyatimiza, kwa hiyo anaweza kupangiwa PCB, tahasusi ya masomo hayo matatu, na ukoo mzima ukashangilia. Lakini C ya kidato cha nne huanzia alama 45, na Kemia ya Advance haimsubiri mtu. Miaka miwili baadaye chuo kikuu kitamtaka awe na principal mbili, yaani masomo mawili aliyofaulu kwa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. D mbili zinamvusha. D na E zinamwacha nje. Akiachwa, atakuwa na cheti cha kidato cha sita kisichomtambulisha kuwa fundi, muuguzi wala mhasibu. Wapo wanaorudi kuomba diploma ileile waliyoikataa, na hata pale wanapoanzia ngazi ya pili ya chuo, NTA 5, na kuokoa mwaka, bado wamechelewa kuliko mwenzao aliyeingia chuo moja kwa moja.

Huyo mwenzao amepita hivi: NTA 4, NTA 5, kisha NTA 6 ambayo ndiyo diploma, kwa kawaida mwaka mmoja kila ngazi. Kuanza kunahitaji angalau D nne za masomo yasiyo ya dini, ingawa kozi za afya na uhandisi hudai pia masomo maalumu ya sayansi. Akimaliza ana fani, na akiwa na GPA, yaani wastani wa ufaulu wa chuo, ya 3.0 au zaidi pamoja na zile D nne, anaweza kuomba shahada. Sasa nani alituambia kwamba chuo cha kati kinamfungia mtoto mlango wa degree? Tofauti ni mwaka mmoja zaidi njiani, na katika mwaka huo kuna kitu cha kushika endapo fedha zitakata au baba ataugua.

Nikiri hoja ya upande wa pili, maana ina uzito. Tangu 2022 serikali imefuta ada ya kidato cha tano na sita katika shule zake, wakati chuo kina ada, vifaa, na mara nyingi chumba cha kupanga. Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa diploma mwaka 2023/24, lakini kwa fani za kipaumbele tu. Kwa hiyo mama anayeuza mboga akichagua Advance kwa sababu ya gharama, simlaumu hata kidogo. Ninayemlaumu ni mwenye uwezo anayechagua kwa sababu ya majirani.

Kuhusu VETA, vyuo vya ufundi stadi, nitasema machache. Ngazi zake ni tatu, hata aliyeishia darasa la saba anaweza kuingia, na aliyejifunzia gereji kwa miaka anaweza kupimwa ujuzi alionao na kupewa cheti. Tumezoea kupeleka huko waliofeli, kisha tunalalamika kwamba mafundi umeme wanatuharibia nyumba.

Wenye watoto wanaoanza sekondari sasa wana jambo jingine la kutazama: Sera ya Elimu toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, kuanzia kidato cha kwanza, sambamba na ule wa jumla. Napenda wazo lenyewe. Karakana na walimu wa kutosha ndiyo nitakayoangalia kabla ya kupiga makofi.

Na tahadhari kwa wanaokimbilia vyuo binafsi: fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi, utafute jina la chuo na jina la kozi, vyote viwili. Bango la barabarani halitoi ithibati.

Mwenye A na B za masomo ya sayansi anayeota uhandisi au udaktari, mwacheni aende Advance, huko ndiko kwake. Kwa wengine, matokeo yakishatoka hufunguliwa muda wa kubadilisha machaguo kwenye mfumo wa Selform, ule wa kuchagua tahasusi na vyuo. Kaeni na mtoto hapo, mezani, na alama zake mbele yenu, kwa sababu fomu ya kwanza aliijaza shuleni kabla hajaona alama hata moja.