Foleni Iliyopambwa: Burudani au Kiini Macho?
Katika bustani kubwa za burudani, mchezo wenyewe, kama vile kupanda gari linalokupitisha ndani ya hadithi, huchukua dakika chache tu, ilhali kuusubiri kunaweza kula saa nzima. Ndiyo maana wabunifu wakaamua hadithi ya mchezo ianzie kwenye foleni, kwa kuipamba.

Wanaopenda mtindo huu wana hoja nzito. David Maister, mtaalamu wa usimamizi, aliandika mwaka 1985 kwamba muda wa kusubiri ukiwa na shughuli huonekana mfupi. Lakini kwangu, kufupisha muda ni faida ndogo. Tazama mchezo wa Indiana Jones Adventure, uliofunguliwa katika bustani ya Disneyland, California, mwaka 1995. Foleni inapenya ndani ya hekalu la kale, kuta zimejaa maandishi ya siri ambayo mwenye subira huyafumbua herufi kwa herufi. Kuna kisima chenye kamba. Ukiivuta, sauti ya mtu inalalamika kule chini. Kuna nguzo ya mwanzi. Ukiitikisa, dari lenye miiba linanguruma kana kwamba linashuka. Mtoto aliyeivuta kamba ile hahitaji kuambiwa kwamba hekalu lina mitego. Anafika kwenye gari moyo ukimdunda, na kona ya kwanza tu inamtoa ukelele.

Wakati mwingine pambo hufanya kazi ya ziada. Katika Haunted Mansion, mchezo wa jumba la mizimu wa hapo hapo Disneyland, wa mwaka 1969, chumba kinachoonekana kurefuka ni lifti: inawashusha wageni ili wapite chini ya tuta la reli hadi kwenye jengo la mchezo. Ufundi wa namna hiyo nauvulia kofia.

Upande wa pili nao una uzito. Mapambo hutengenezwa kwa ajili ya mtu anayetembea. Foleni ikigoma, ukasimama dakika ishirini mbele ya sanamu ile ile huku video ikijirudia mara ya nne, uchawi wote unayeyuka na miguu inaanza kuuma. Halafu kuna njia za kulipia. Mwaka 1999 Disney ilileta FastPass, tiketi ya kukwepa foleni ndefu, bila malipo. Tangu 2021 kuna Lightning Lane, njia ya pembeni ya kuingilia haraka, ambayo kwa kawaida hulipiwa. Anayelipa hupitishwa haraka na huenda asiione sehemu kubwa ya hadithi, na aliyebaki husimamishwa ili kumpisha. Hapo wote wawili wamepunjwa, na hofu yangu ni kwamba foleni nzuri inaweza kuwafanya wenye bustani waridhike na foleni ndefu.

Ningependa waige zaidi walichofanya Magic Kingdom, bustani ya Disney huko Florida, mwaka 2012 kwenye mchezo wa Dumbo, tembo anayeruka. Wazazi walipewa kifaa kidogo cha kuwaita zamu ikifika, watoto wakaachwa wapande na kuteleza ndani ya hema la sarakasi. Hakuna aliyelazimika kusimama kwenye mstari hadi kifaa kilipolia.